Pleti za leza zinanichafulia kazi: nirudi kwenye filamu ama ninunue CTP yangu?

MchapajiLanet · Jumapili, saa 2:40 usiku

Wadau wa uchapaji, hamjambo. Nina karakana ndogo hapa Nakuru, mashini mbili tu: GTO 52 ya rangi mbili na kale kadogo ka vitabu vya risiti. Miaka kumi na mmoja nimekuwa mtu wa filamu. Jamaa ananitolea filamu, nailaza kwenye pleti (bati la kuchapia) mwenyewe, nachoma kwa taa ya UV, naosha, nachapa. Mwezi wa tatu yule jamaa akafunga duka. Aliniambia hata filamu zenyewe kuzipata siku hizi ni kutafuta maziwa ya kuku. Basi nikafuata wenzangu kwenye CTP, yaani pleti inachomwa kwa leza moja kwa moja kutoka kompyuta, bila filamu. Sasa natuma PDF kwa duka moja Nairobi (silitaji), jioni pleti zinapandishwa matatu, asubuhi naziokota steji.

Kilio changu ni hiki. Karatasi 2,000 za kwanza zinatoka safi kama sahani ya harusi. Zikifika 3,000, sehemu nyeupe inaanza kushika wino. Kwanza ukungu mwembamba, kama moshi wa jikoni. Halafu madoa. Halafu mwalimu mkuu ananipigia simu kuniuliza kwa nini mtihani wa hisabati una mawingu. Nikiongeza maji, maandishi yanafifia. Nikipunguza, mawingu yanarudi. Pleti za filamu hazikunifanyia hivi hata siku moja.

Kuna dalali ameniletea habari ya CTP ya mitumba, ya vayoleti, kwa bei ya Probox mbili. Anasema nikijichomea pleti mwenyewe shida itakwisha. Nauliza: pleti za leza ndizo mbovu, ama lile duka linaniuzia takataka, ama ninunue hiyo mashini?

Wino_Mweusi · Jumapili, saa 2:52 usiku

Nunua Probox.

Mulembe_Printa · Jumapili, saa 3:15 usiku

Pole boss. Mimi niko Kakamega na hilo jambo nalijua. Duka lako lina dawa iliyochoka. Dawa ya kuoshea pleti ni alkali, na kadiri inavyoosha pleti nyingi na kukaa wazi kwenye hewa ndivyo inavyopoteza nguvu. Wenye duka wanabania pesa, hawabadilishi. Inaosha utando nusunusu, unabaki ukoko mwembamba kwenye sehemu nyeupe ambao macho hayauoni. Wino ukishapita mara elfu kadhaa unaupata huo utando unaukalia. Hama duka. Kesi imekwisha.

MchapajiLanet · Jumapili, saa 3:21 usiku

@Mulembe_Printa nimeshahama mara moja! Duka la pili, mawingu yale yale.

MzeeBlanketi · Jumapili, saa 4:05 usiku

Kijana wangu wa Lanet, tulia kwanza. Mimi niko Kisumu, nimeshika mashini tangu 1984, nimechapa kwa pleti za kila namna. Kabla hujailaumu leza, jua leza ilifanya nini na haikufanya nini.

Kazi yetu yote inasimama juu ya jambo moja ambalo Mjerumani Alois Senefelder aliligundua kule Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790: mafuta na maji hayapatani. Yeye aliandika juu ya jiwe la chokaa kwa wino wa mafuta, akalilowesha jiwe, akapaka wino; wino ukakaa palipoandikwa na kukataa palipolowa. Mwaka 1904 Ira Rubel kule New Jersey akagundua kwamba picha ikipita kwanza kwenye mpira ndipo iende kwenye karatasi inatoka safi zaidi, na hapo tukapata blanketi. Baada ya hapo jiwe limekuwa bati la alumini, lakini ndoa ya maji na wino haijabadilika.

Sasa tazama pleti yako. Hilo bati limekwaruzwa kiwandani hadi likawa na vishimo vidogo visivyohesabika, halafu likawekewa gamba gumu la oksidi. Vishimo hivyo ndivyo vinavyoshika maji. Juu yake kumepakwa utando. Palipobaki utando ndipo wino unapokaa. Palipooshwa utando ndipo alumini inapochungulia na maji yanapokaa. Pleti ya filamu na pleti ya leza ni watoto wa mama mmoja. Tofauti yao ni jinsi utando unavyoambiwa uondoke au ubaki. Kwenye filamu uliuambia kwa taa ya UV. Kwenye pleti ya termali, yaani ya joto, leza ya nanomita 830, mwanga ambao jicho lako haliuoni kabisa, inaupasha utando moto mpaka pale palipoguswa panakuwa tayari kuyeyuka kwenye dawa. Joto likiwa chini ya kiwango chake hakuna kinachotokea; likifika, kinatokea mara moja. Ndiyo maana nukta ya termali ina ukingo mkali.

Mawingu yako hayako kwenye utando. Yako palipooshwa, kwenye alumini. Na alumini haijui kama iliguswa na leza au na taa. Kwa hiyo mimi swali langu kwako si la pleti. Maji yako ukoje nayo?

MchapajiLanet · Jumapili, saa 4:11 usiku

Mzee heshima yako. Maji ni yale yale ya miaka yote: maji, dawa ya fauntini (ile ya kutia kwenye maji ya kuloweshea pleti) kifuniko kimoja na nusu kwa lita, alkoholi kidogo. Sijabadilisha kitu.

Dala_Grafiksi · Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Habari za asubuhi. Mimi ni yule anayekaa upande wa pili wa hiyo pleti, chumba cha kompyuta, papa hapa Kisumu. Mzee ameshasema mengi, acha niseme ya upande wangu, hasa kwa sababu ya hiyo vayoleti ya dalali.

Mashini yetu ni ya termali. Pleti inajiviringisha nje ya pipa, inabanwa na kufyonzwa na hewa, pipa linazunguka na kichwa cha leza kinatembea kando yake pole pole huku kikirusha miale mingi kwa mpigo mmoja. Tunachoma kwa nukta 2,400 kwa inchi. Kila nukta ina upana wa maikroni 10.6 hivi, unywele mmoja wa kichwani unafunika nukta sita au saba. Pleti ya GTO 52 ni milimita 510 kwa 400. Piga hesabu utapata nukta kama bilioni 1.8, na kila moja imeamuliwa ichomwe au iachwe. Anayeamua si leza. Ni programu ya RIP inayosoma PDF yako. Ukileta PDF mbovu, leza itakuchomea ule ubovu bila kupunguza hata nukta moja.

Nitawapa kisa changu mnicheke. Alhamisi moja jioni nilitoa pleti nne za programu ya mazishi, kurasa za katikati rangi kamili, mazishi Jumamosi kule Ugenya. Jina la marehemu lilikuwa kwa herufi nyeupe juu ya picha ya anga. Aliyeunda ukurasa alianza na herufi nyeusi zilizowekewa amri ya kuchapwa juu ya picha, kisha akazigeuza kuwa nyeupe na kuisahau ile amri. Nyeupe ikichapwa juu ya picha ni sawa na kutochapa chochote. Kwenye skrini ya mteja jina lipo. Kwenye pleti halipo. Enzi za filamu ningeilaza juu ya meza ya taa ningeona pengo kabla hata sijagusa pleti. Sasa mambo yalikwenda moja kwa moja hadi mashinini, na aliyegundua ni kijana wa kukunja karatasi, aliyeuliza, "Huyu aliyekufa ni nani?" Tulikuwa tumeshapita karatasi 400. Tangu siku ile hakuna pleti inayotoka chumbani mwangu kabla sijaiangalia picha ya RIP yenyewe, rangi moja moja, si PDF.

Sasa vayoleti. Leza yake ni nanomita 405, mwanga wa zambarau unaoonekana. Pleti yake ina polima inayoganda ikiguswa na mwanga, kwa hiyo chumba lazima kiwe cha taa za manjano. Ukifungua boksi chini ya taa ya kawaida umezichoma zote kwa mpigo mmoja. Nyingi ya mashini hizo pleti inalala ndani ya pipa imetulia, na kioo kidogo kinazunguka katikati makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Muulize dalali: kile kioo na beringi zake zina hali gani? Mashine ya kuoshea inakuja nayo? Ule ufunguo wa USB wa programu ya RIP upo, ama utanunua jokofu la chuma lisilosema na kompyuta? Na pleti za vayoleti utazipata kwa nani Nakuru, wakati maduka karibu yote tunayojua yanauza termali? Halafu stima. Stima ikipotea pipa likiwa katikati ya safari, hiyo pleti inakwenda kwa kuku.

Kwa kiasi cha kazi ya GTO moja, mimi nisingenunua.

Wino_Mweusi · Jumatatu, saa 1:44 asubuhi

"Huyu aliyekufa ni nani?" Dada umeniua na chai mdomoni.

Kalamu_Bondo · Jumatatu, saa 2:20 asubuhi

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mimi nina mashini ndogo ya rangi moja, natoa risiti na fomu za shule. Kuna mtu ameniambia naweza kutoa pleti kwa printa ya leza ya ofisini, bila CTP kabisa. Ni kweli ama ananizungusha?

MzeeBlanketi · Jumatatu, saa 2:48 asubuhi

Ni kweli. Hizo ni pleti za poliesta, karatasi ya plastiki iliyopakwa tabaka linaloshika maji. Tona ya printa ndiyo inakuwa picha, na tona inapenda wino. Kwa risiti na fomu za rangi moja, elfu chache za nakala, zinakutosha. Usizitumie kwa kazi ya rangi nne. Plastiki inapashwa moto ndani ya printa na inavutika tena kwenye mashini. Rangi ya kwanza na ya nne zitakuwa majirani wasiosalimiana. Kingine, tona ya bei rahisi haishiki vizuri, utaona herufi zinamenyuka.

Kalamu_Bondo · Jumatatu, saa 2:50 asubuhi

Erokamano mzee. Nimeokoa pesa.

Mulembe_Printa · Jumatatu, saa 6:10 mchana

Narudi kwenye dawa iliyochoka, maana naona mmeikimbia. Maduka mawili yanaweza kuwa na ubahili ule ule. Mzee anasema mawingu yako kwenye alumini, sawa, lakini kama alumini haikuoshwa vizuri si alumini tena. Boss wa Lanet, fanya jaribio hili usiniamini kwa maneno. Chukua kalamu ya kufutia pleti, chora duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi pale palipo peupe. Ile kalamu inaondoa utando wowote uliobaki. Suuza, paka gamu (gundi ya kuilinda alumini), chapa karatasi 4,000. Kama mawingu yatakuja kila mahali isipokuwa kwenye duara, ni dawa ya duka. Kama yatakuja hata ndani ya duara, nitanyamaza.

MchapajiLanet · Jumanne, saa 1:15 usiku

Nimefanya. Nilichora maduara matatu ili nisije nikabahatisha. Karatasi ya 3,200 mawingu yakaanza, na maduara yote matatu yakachafuka sawasawa na pembeni. Hata moja lilianza mapema kuliko sehemu nyingine, sijui kwa nini.

Mulembe_Printa · Jumanne, saa 1:22 usiku

Hapo nimenyamaza. Lile lililowahi, pengine umelisugua sana na kuharibu vishimo.

Dala_Grafiksi · Jumanne, saa 2:00 usiku

Nina wazo. Nitumie faili yako, nikuchomee pleti mbili kutoka boksi moja, dawa moja, siku moja. Moja nitawapa jamaa wa hapa wenye GTO 52 waitie mashinini, nyingine nitaipandisha shuttle ije kwako. Karatasi na wino mtumie vya aina moja. Gharama ya pleti ni yangu, nataka kujua tu.

MzeeBlanketi · Jumanne, saa 2:09 usiku

Huyo binti ana akili. Na wewe kijana, kabla pleti hazijafika, jibu swali moja kwa ukweli. Ulisema maji ni yale yale ya miaka yote. Karakana nayo ni ile ile?

MchapajiLanet · Jumanne, saa 2:31 usiku

Hapana mzee, nilihama. Nilikuwa mjini, karibu na Gusii Road, kodi ikanishinda. Nilihamia Lanet mwezi wa tatu hiyo hiyo. Sikuona kama inahusika.

Wino_Mweusi · Jumanne, saa 2:33 usiku

Mwezi wa tatu. Hiyo hiyo. Ya CTP.

MzeeBlanketi · Jumanne, saa 2:50 usiku

Na hayo maji ya Lanet yanatoka wapi?

MchapajiLanet · Jumanne, saa 2:55 usiku

Kisima cha mwenye nyumba. Kimechimbwa kwa mashine, kina pampu. Maji matamu, tunayanywa... kweli yanaacha weupe kwenye birika.

MzeeBlanketi · Jumanne, saa 3:40 usiku

Haya. Sasa tuzungumze.

Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana tabia yake. Yamekaa kwenye miamba ya volkano miaka mingi, yakabeba floraidi, ndiyo inayotia meno ya watu wengi wa Nakuru rangi ya kahawia, na yakabeba bikaboneti kwa wingi. Floraidi haitushughulishi hapa. Bikaboneti ndiyo mchawi.

Maji ya fauntini yanatakiwa yawe na asidi kidogo, pH kati ya 4.8 na 5.5. Watu wanadhani asidi iko hapo kwa kusafisha. Iko hapo kwa sababu ya gamu. Gamu ya kwenye fauntini ni ile gundi ya mgunga, ile wanayochuma Turkana na Samburu, na inashika alumini vizuri pale tu maji yanapokuwa na asidi ya kutosha. Ikishika, alumini inakaa na kiu ya maji na kuukataa wino. Asidi ikipungua, gamu inaachia kidogo kidogo, na pale ilipoachia wino unakaribishwa. Bikaboneti ni mla asidi. Unatia kifuniko kimoja na nusu cha dawa, yenyewe inakula kifuniko kizima. Karatasi 2,000 za kwanza unachapia gamu uliyoipaka kwa mkono ulipofunga pleti. Ikiisha hiyo, unabaki na maji yako, na maji yako hayana kitu.

Kule Gusii Road ulitumia maji ya mfereji. Pengine ni laini kuliko hayo ya kisima. Pima. Usipopima tunapiga ramli.

Mwanza_Chapa · Jumanne, saa 3:58 usiku

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Nakubaliana na mzee. Sisi maji ya ziwa hayana matata, lakini kuna mwaka nilifanya kazi Arusha na kisima kilinitesa hivyo hivyo. Nikabadilisha rola zote kabla mtu hajaniambia habari ya maji. Rola zote! Nikiukumbuka mwaka ule tumbo linauma.

MchapajiLanet · Jumatano, saa 12:45 jioni

Vifaa vya kupimia nimevipata kwa njia ya ajabu. Shemeji yangu anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Kule kila asubuhi wanapima maji ya waridi, pH na ule uwezo wa maji kupitisha umeme, wanauita EC. Amekuja na vimita vyake viwili mfukoni, eti anashangaa mpiga chapa anahitaji nini na EC.

Maji ya kisima yenyewe: pH 8.3, EC 1,150.
Maji yangu ya fauntini kama ninavyochanganya kila siku: pH 6.7.
Maji ya mfereji kutoka kwa jirani wa karakana ya zamani: pH 7.4, EC 310. Nikayachanganya kwa kipimo kile kile: pH 5.2.

Dada Dala, pleti yako imefika, haijafungwa bado. Ya huko imekwendaje?

Dala_Grafiksi · Jumatano, saa 1:20 usiku

Ya huku wameifikisha 7,000, safi. Wameitoa tu kwa sababu kazi iliisha. Maji yao ni ya mfereji wa Kisumu. Nimeazima mita ya jamaa mwenye vizimba vya samaki Dunga: EC 140.

Mulembe_Printa · Jumatano, saa 1:31 usiku

Sasa mtu asikimbilie kumwaga dawa ya fauntini mara tatu. Utaishusha pH, ndiyo, lakini chumvi itazidi, wino utachelewa kukauka na utachanganyikana na maji. Nimeona watu wakitoka kwenye shimo moja wakaingia lingine. Kuna dawa ya fauntini iliyotengenezwa kwa maji magumu, ulizia hiyo. Ama badilisha maji.

MzeeBlanketi · Jumatano, saa 1:45 usiku

Hapo Mulembe amesema kweli tupu. Kijana, paa lako ni la mabati?

MchapajiLanet · Jumatano, saa 1:46 usiku

Mabati.

MzeeBlanketi · Jumatano, saa 1:49 usiku

Na mvua inanyesha. Acha ya dakika kumi za kwanza ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Inayofuata kinga. Chuja kwa kitambaa. Maji ya mvua hayana bikaboneti wala chokaa, ni kama maji yaliyotoneshwa. Changanya na ya kisima kidogo, sehemu moja kwa tatu, yasiwe matupu mno, maana yakiwa matupu kabisa yanavuta chokaa kutoka kwenye karatasi. Pima. Tafuta pH 5 na kitu.

MchapajiLanet · Ijumaa, saa 11:30 jioni

Nimekaa kimya siku mbili kwa sababu nilikuwa nachapa.

Nimefunga pleti ya dada Dala. Maji ya mvua sehemu tatu, kisima sehemu moja, dawa kifuniko kimoja na nusu kama zamani: pH 5.3. Nimechapa 9,000. Karatasi ya 9,000 nimeiweka juu ya ile ya 100, hakuna wingu. Kijana wangu wa mashini alisimama pale kwenye 3,200 akingojea mawingu kama mtu anayengojea matokeo ya kura.

Halafu nikachukua moja ya zile pleti za duka la Nairobi nilizozitukana, nikaiosha, nikapaka gamu, nikaifunga kwa maji hayo hayo. 5,000 safi. Nimempigia mwenye duka nikamwomba radhi. Alicheka, akasema kwa wiki hiyo mimi ni wa tatu kumlaumu na wa kwanza kupiga simu ya pili.

Lakini kuna jambo jipya. Picha zinatoka nzito kuliko enzi za filamu. Sura za watu zimekuwa kama zimekaa juani. Hilo nalo ni maji?

Dala_Grafiksi · Ijumaa, saa 12:10 jioni

Hapana, sasa hiyo ndiyo leza. Filamu chanya ilikuwa inakuibia: mwanga wa UV ulipenya chini ya kingo za nukta ukazila kidogo, nukta ya asilimia 50 kwenye filamu ikafika kwenye pleti ikiwa pungufu. Wewe na wabunifu wako mlizoea huo wizi mkaurekebisha bila kujua. Leza haiibi, 50 inafika 50, na mashini inainenepesha kama kawaida yake. Mwambie mwenye duka akuwekee kwenye RIP mkunjo wa toni wa mashini yako, yaani mpangilio wa kupunguza nukta kabla hazijachomwa. Atakutumia ukanda wa majaribio wenye viboksi vya asilimia 5 hadi 100, uchape, umrudishie. Ni kazi ya asubuhi moja.

Mwanza_Chapa · Ijumaa, saa 12:25 jioni

Na yule dalali?

MchapajiLanet · Ijumaa, saa 12:40 jioni

Nilimuuliza maswali yote ya dada. Kioo na beringi: "iko sawa kabisa." Mashine ya kuoshea: "utapata tu." Ufunguo wa RIP: kimya cha siku nzima, halafu akaniambia ameshampata mnunuzi mwingine Eldoret. Kama uko Eldoret na unasoma hapa, rudi juu usome ya Jumatatu asubuhi.

Pesa nimenunua tangi la lita 2,300 na mifereji ya paa. Mke wangu amefurahi kuliko mimi, anasema nguo nazo zitatoka na povu.

Wino_Mweusi · Ijumaa, saa 12:44 jioni

Na zile pleti nyingine za Nairobi ulizozitupa kwa hasira ziko wapi? Nina banda la kuku linavuja.

MchapajiLanet · Ijumaa, saa 12:51 jioni

Umechelewa. Zimezungushiwa sukumawiki nyuma ya nyumba kuzuia mbuzi wa jirani. Mtihani wa hisabati wote unasomeka kutoka barabarani.